Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Magunia Tuliyouza na Chakula Kilichobaki Nyumbani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima, wazee wetu, akina mama, vijana, na wageni wetu kutoka ofisi ya kata: kamwene.

Kwa desturi taarifa hii huanza na magunia: tumekusanya mangapi, tumemuuzia nani, kwa bei gani. Hesabu hizo anazo mweka hazina, amezibandika ukutani na atazisoma baada yangu. Mimi mwaka huu naomba nianzie kliniki.

Mwezi Juni nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, kwa kuwa mama yake alikuwa amebanwa na kazi ya kupukuchua mahindi. Muuguzi akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akaandika kwenye kadi, kisha akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ugali upo, uji upo, kwetu hakuna njaa. Akaniuliza tena, taratibu: "Ugali na nini, babu?" Nikanyamaza. Mjukuu wangu ni mfupi kuliko umri wake. Na siku ile ghala langu lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Sikulala vizuri. Nikamwomba afisa kilimo wetu anitafutie takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 unasema kwamba Tanzania nzima, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Kwa Iringa, mkoa wetu, ni karibu 57. Njombe ni 50, Rukwa nayo karibu 50. Ndugu zangu, hii ndiyo mikoa inayotajwa kila mwaka kuwa inalisha taifa. Hakuna mkoa hata mmoja uliotuzidi kwa udumavu, hata ile mikoa yenye ukame ambayo malori yetu hupeleka mahindi. Nilipoisoma namba hiyo nilijiuliza: sisi viongozi tumekuwa tukipigiwa makofi kwa jambo gani miaka yote hii?

Mahindi hayana kosa. Mahindi yanashibisha, lakini peke yake hayajengi mwili wa mtoto, maana yana upungufu wa protini zile ambazo maharage na vyakula vitokanavyo na wanyama vinazo kwa wingi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, bakuli moja la uji mwepesi linalijaza na hana nafasi ya kitu kingine. Anahitaji kula mara nyingi, kidogo kidogo, chakula kizito chenye maharage, karanga, yai, dagaa, mboga na mafuta kidogo. Siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazoamua. Zikipita, urefu uliopotea haurudi kirahisi, na akili nayo huumia. Maji machafu na kuharisha kila mara huongeza tatizo.

Nani wa kumlisha mara nyingi kwa siku, wakati mama yake ameingia shambani alfajiri na jembe na atarudi jua likizama? Hapo ndipo mjadala wetu wa kilimo unapokwepa. Tunazungumza mbegu, mbolea na bei, hatuzungumzi saa za kazi za mama wa nyumba ile. Na akina baba wenzangu, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unapofika, tujiulize kwa ukweli ni kiasi gani cha fedha ya mavuno kinafika jikoni.

Nikitazama dunia naona sura ileile, ila kubwa zaidi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanakadiria kuwa mwaka 2024 watu milioni 673 walikuwa na njaa, na zaidi ya milioni 300 kati yao wako Afrika, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa bara hili. Dunia hiyo hiyo inavuna nafaka za kutosha watu wote. Ifikapo 2050 tunatarajiwa kuwa karibu bilioni 9.7, na wengi wa watakaoongezeka watazaliwa Afrika. Kila kongamano linasema tuzalishe zaidi. Nakubali. Lakini Iringa tumezalisha zaidi, na bado mtoto wetu amedumaa. Mwenye kupanga mustakabali wa kilimo aje kwanza atueleze hilo.

Sasa niseme juu ya soko, maana najua wengi mmekuja na dukuduku hilo.

Mwaka 2024 ukame ulioletwa na El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki linalovuruga mvua, uliwapiga majirani zetu. Zambia ilitangaza janga la kitaifa mwezi Februari, Malawi ikafuata mwezi Machi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukakubaliana na Zambia kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Sisi huku tukaongeza mashamba, wengine wakakodi, wengine wakakopa, kana kwamba Zambia itakauka kila mwaka. Msimu uliofuata mvua zikarudi kwao, wakavuna tani milioni 3.66, mavuno ambayo hawajawahi kuyapata. Malori ya kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia, yakapungua, na baadhi yetu tukabaki na mzigo na deni. Mwezi Aprili 2025 nchi yetu ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu mazuio ya nchi hizo kwa mazao yetu, ndizi zikiwamo, na baada ya siku chache zuio letu likaondolewa. Aliyekuwa na ndizi Rungwe hakushauriwa siku ya kufunga wala siku ya kufungua.

Simlaumu mtu. Kamati yangu ndiyo iliyowahimiza kupanua mashamba bila kuwaambia kwamba bei yetu inategemea mvua ya jirani. Hilo lilikuwa kosa letu na naliomba radhi mbele yenu.

Mbolea nayo ina safari kama hiyo. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukapanda bei hadi mkulima mdogo akauangalia tu dukani. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, kwenye Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mbolea ya ruzuku. Imetusaidia, na wanachama ambao hawajahuisha taarifa zao kwenye daftari la wakulima wafanye hivyo wiki hii, wasingoje mvua.

Lakini mbolea inayomwagwa kwenye udongo wenye tindikali ni fedha inayozikwa. Mvua zetu nyingi, pamoja na miaka mingi ya mbolea zilezile, zimeuchachusha udongo wa nyanda hizi. Udongo ukifika huko, madini ya alumini huyeyuka na kuunguza mizizi, na fosfati ya DAP hunaswa ardhini mmea usiipate. Ndiyo maana jirani yako anaweka mifuko miwili na anavuna kama aliyeweka mmoja. Dawa yake ni kupima udongo kwanza, kisha chokaa ya kilimo pale inapohitajika, na samadi, na kupokezanisha shambani mahindi na maharage au soya, ambazo mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Kamati itakusanya sampuli za udongo za wanachama na kuzipeleka kwa pamoja kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, ili gharama ya safari tuigawane.

Kuhusu hifadhi, mmesikia juu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hii haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika, kwa hiyo vita yake ni kukausha. Asiye na kipimo cha unyevu atumie chupa ya kioo iliyokauka: tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe kwenye turubai. Usianike chini kwenye vumbi. Na yakishakauka, mifuko ile yenye matabaka mawili ya plastiki ndani inawakosesha hewa wadudu dumuzi na fukusi, wanakufa bila dawa. Kabla ya kutia mahindi, jaza mfuko upepo uone kama umetoboka.

Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, nalitaja kwa kifupi: mizani yetu ipo, gunia ni kilo 100, na atakayeuza debe la juu kwa siri anamuumiza mwenzake pia.

Yanayohitaji kura yenu leo ni matatu. La kwanza, kila kaya itenge chakula chake kabla ya gunia la kwanza kufika ghala la chama. Mtu mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, kwa mwaka ni kilo 180 na ushee. Nyumba ya watu sita inakaribia magunia 11. Najua ada za shule hazingoji, na najua mtu huuza mahindi mabichi shambani kwa sababu ya shida, si kwa uvivu wa kufikiri. Kwa hiyo napendekeza mfuko wa dharura wa chama ukopeshe ada, riba ndogo, mkopo ulipwe bei ikipanda.

La pili, kila mwanachama apande walau robo eka ya maharage ya kula nyumbani, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa pembeni ya nyumba.

La tatu, wakati wa palizi kila kitongoji kiwe na nyumba moja ya kulelea watoto, zamu kwa zamu, baba naye ahesabiwe kwenye zamu, na uji unaopikwa pale uwe na karanga au maharage. Chama kitatoa unga na sufuria. Muuguzi wa zahanati amekubali kuja kupima watoto mara moja kwa mwezi, na vipimo hivyo vitasomwa hapa mwakani, kwanza kabisa, kabla ya hesabu ya magunia.

Mbegu za maharage zimefika jana na ziko chumba cha nyuma. Tukimaliza kupiga kura, kila kaya ipange mstari na kitabu chake cha uanachama. Akina mama wenye watoto mgongoni waanze.