Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: mitaa yetu haitokei upande wa pili

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika kutoka Goba, Dar. Najua mezani kwako kesi nyingi ni za viwanja ila mi leo nalia na njia, na wala sio lami, lami kila mtu anaililia. Huku mtu ananunua shamba, anakatakata viwanja, anaacha kanjia ka gari moja kanaishia kwenye geti la mwisho, wa upande wa pili naye kafanya hivohivo, basi kuta mbili zimepeana mgongo na duka ninaloliona kwa macho lazima nizunguke mpaka barabara kubwa ndo nilifikie. Bodaboda wanachekelea tu.

Angalia Sinza na Kijitonyama. Kule walipima viwanja miaka ya 70, mradi wa Benki ya Dunia, leo nyumba nyingi za mwanzo zimevunjwa yamepanda maghorofa, watu wameuza wamehama, lakini mitaa iko palepale na wakifunga mmoja unakatiza mwingine. Kariakoo ndo usiseme, vichwa vinauma kwa foleni ila kupotea hupotei. Ndo maana naogopa Mheshimiwa, kwa sababu hata hizi njia zetu zilizoziba nazo zitakaa hivohivo, wajukuu watazikuta.

Na mji haungoji. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa karibu milioni 4.4, ya 2022 tukawa karibu milioni 5.4, na wengi wanaoongezeka wanajenga pembeni huku, Madale, Kinyerezi, Chanika. Morogoro Road mmeipanua Kimara mpaka Kibaha, asanteni, lakini kama mtu wa Mbezi anaenda kumsalimia shangazi mtaa wa nyuma na yeye lazima aingie hukohuko na malori ya mikoani, si itajaa tena?

Sasa hivi kuna urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila mpango, na hapo ndo nakuomba. Kwenye vikao ugomvi wote ni upana, huyu katoa mita moja huyu kagoma, kama njia inatokea upande wa pili hakuna anayeulizia. Mchoro ukija kwenu kusainiwa, waambie maafisa mipango miji waanze kuhesabu njia zilizoziba, na pale kiwanja cha katikati kikiwa bado kitupu halmashauri inunue hata kipande cha kupita mguu na bajaji, maana kesho kutwa hapo patakuwa na nyumba na fidia yake mtaikimbia wenyewe. Kwetu kiwanja kama hicho kipo, na juzi nimeona wamemwaga tofali.

Mkazi wa Goba