Kwa mdogo wangu ambaye kozi yake imerudishwa na bodi

Mdogo wangu, pole na kazi. Meseji yako nimeisoma, nimeona nikujibu hapa hapa hadharani maana walimu wachanga wa vyuo wenye hali kama yako wako wengi na wanaumia kimyakimya.

Umesema bodi imeirudisha kozi yako mpya ya uhariri wa kidijitali kwa wanafunzi wa Kiswahili, wakiuliza nani ataifundisha ukienda PhD na wakisema ratiba ya wanafunzi imejaa. Kwanza kozi yako haijafa. Imetoka idarani ikafika bodi ya kitivo ikarudi, na hata ingepita hapo bado kuna kamati za seneti na seneti yenyewe, chombo cha juu cha taaluma chuoni, na ingekuwa programu nzima ya shahada ingebidi mpaka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, waipitishe. Kwa hiyo tulia.

Swali lao la nani ataifundisha ukienda PhD mimi naona ni la haki kabisa, kozi ya mwalimu mmoja akiondoka inabaki jina tu kwenye prospektasi na wanafunzi wanaambiwa mwaka huu haipo. Tafuta mtu wa pili, hata kutoka idara ya kompyuta maana uhariri wa kidijitali unawahusu pia, akuandikie barua uiambatanishe.

Ila hilo jingine, eti ratiba ya wanafunzi imejaa, hapo usikubali kirahisi. Ni kweli imejaa. Krediti moja kwa utaratibu wetu Tanzania ni saa 10 za mwanafunzi, yaani darasani, maktaba, asaimenti, mtihani, vyote humo, kwa hiyo kozi yako ya krediti 12 inadai saa 120 na mwaka mzima una krediti 120 tu. Sasa mbona hakuna aliyeuliza ipi itoke? Vikao hivi nimevikalia sana, kozi ya kuingia inachambuliwa mpaka koma, ya kutoka haitajwi kabisa kwa sababu kila kozi ina mwenyewe na amekaa pale pale mezani, akiipoteza anapungukiwa vipindi, basi watu wanastahiana. Anayelipa ni mwanafunzi wa Kiswahili anayemaliza miaka mitatu hajawahi kuhariri hata makala moja kwenye kompyuta, na hilo linaniuma kweli.

Kumbuka chuo kikuu cha Nairobi, 1968. Bodi ya kitivo cha sanaa ililetewa mapendekezo na aliyekuwa akikaimu ukuu wa idara ya Kiingereza, na Oktoba ile walimu watatu wa pale, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakajibu kwa waraka mfupi tu. Hawakuomba kozi moja ya fasihi ya Kiafrika ichomekwe pembeni, waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza ndo ikae katikati, wakataka idara ile ivunjwe ije ya fasihi na lugha za Kiafrika. Kulibishaniwa sana lakini mwisho idara ya fasihi ikapatikana, na vyuo vingine Afrika vikaanza kujiuliza swali lile lile.

Wewe hujafika huko, unataka nafasi ya kozi moja. Chukua mitaala ya zile kozi mbili za nadharia ulizosema zinafanana, weka mada zake kwenye jedwali moja, onesha zinazojirudia wiki kwa wiki, pendekeza ziunganishwe. Usimtaje mwalimu yeyote kwa jina. Na uende ukaongee na wenye hizo kozi ofisini kwao kabla ya kikao, kwa heshima, wasije wakalisikia mbele za watu. Rasimu nitumie mapema niipitie kabla hujaipeleka kwa mkuu wa idara.