Ufa niliuziba mara tatu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu ule ukurasa wenu wa nyumba unaotoka kila Jumapili. Naupenda, na binti yangu ameukata na kuuhifadhi mara nyingi kuliko anavyohifadhi vyeti vyake. Kila wiki mnatuwekea picha mbili: chumba kilivyokuwa na chumba kilivyo sasa, na chini yake maneno "kwa gharama nafuu". Malalamiko yangu ni juu ya kinachokosekana kati ya picha hizo mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba ninayokaa niliachiwa na shangazi yangu, nyumba ya zamani ya kuta nene za mawe na chokaa, milango mizito, dari la mbao na swichi za rangi ya kahawia zilizolegea. Nilihamia nikiwa na akiba ndogo na hamu kubwa, nikaanza na ukuta wa magharibi wa chumba cha kulala kwa sababu ndio uliokuwa na sura mbaya kuliko yote: doa kubwa la manjano, na ufa mwembamba uliotoka kwenye pembe ya dirisha kushuka chini. Ule msemo wa ufa na ukuta kila mtu anaujua. Basi mimi ufa niliuziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya krimu mikono miwili, yaani tabaka mbili. Ulipendeza hasa. Ningewatumia picha, nanyi mngeichapa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, rangi ikatunga malengelenge. Ukibonyeza kwa kidole linapasuka, na ndani kuna chumvichumvi nyeupe kama unga.

Mara ya pili nikaita fundi. Akakwangua plasta yote ya zamani, akapiga lipu ya saruji, akanihakikishia kwamba maji hayapiti tena. Kweli hayakupita pale. Yalipanda. Doa lililokuwa linafika magotini sasa likafika kiunoni. Baadaye ndiyo nikaelewa: ukuta wa mawe na chokaa ukipata maji huyatoa taratibu kwa njia ya mvuke, kupitia chokaa yenyewe. Ukiufunga kwa saruji umeuziba pua, na maji yanatafuta kwingine pa kutokea. Mara ya tatu, nikiwa nimechoka na nimesoma ukurasa wenu, nikaweka bodi za jipsamu mbele ya ukuta. Safi, nyeupe, zimenyooka. Baada ya miezi kadhaa nguo za wateja nilizotundika chumbani mle zikaanza kunuka uvundo. Tulipong'oa bodi moja, mgongoni ilikuwa imeota kuvu jeusi kama manyoya ya paka.

Hesabu fedha hizo, Mhariri. Mara tatu, ukuta mmoja, na kila mara nilijiambia kwamba nimebana matumizi.

Aliyenitoa shimoni ni mwashi mmoja mzee, jirani wa mteja wangu. Alikuja mikono mitupu. Aliutazama ukuta kwa ndani, akatoka nje akautazama tena, kisha akasema, "Mama, niletee ngazi na ndoo ya maji." Akapanda, akamwaga maji polepole kwenye mlizamu wa bati unaopita juu ya ukuta ule. Mimi nilikuwa chini nimeinua uso. Maji yalikwenda vizuri mpaka kwenye kiungo cha pili, na pale uzi mwembamba wa maji ukachepuka nyuma ya mlizamu na kuteremka ukutani kimya kimya. Ukiwa umesimama mbele huuoni kabisa. Aliposhuka, akanionyesha la pili kwa ncha ya kiatu: kitalu changu cha maua. Miaka yote shangazi alikuwa anarundika udongo na mbolea hadi udongo wa nje ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Kila mvua, ukuta ulikuwa unakalia tope.

Tiba yake ilikuwa kiungo cha mlizamu kilichozibwa upya na siku mbili za jembe, mpaka udongo ukashuka kama sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Ilikuwa kazi ya bei ndogo kuliko zote nilizofanya katika nyumba ile. Kisha tukabandua saruji, na ndipo likaja lililo gumu kwa mtu kama mimi: kungoja. Ukuta mnene haukauki kwa wiki. Mwashi yule alinipa kipimo cha mafundi, yaani unene wa sentimita mbili na nusu kwa mwezi, zaidi au pungufu. Ukuta wangu una unene wa sentimita 40, na unakaukia pande zote mbili. Fanya hesabu mwenyewe.

Alinifundisha na jambo jingine ambalo naomba mlichape kwa herufi kubwa. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwa sababu ya ukuta wenye baridi, na huenda dawa yake ni kufungua dirisha tu.

Sisemi watu wasirembe nyumba. Nimeremba vyumba vingine, na humo akiba ilitosha kwa sababu nilipima kabla ya kukata, kama nifanyavyo mezani kwangu. Fundi rangi aliniagiza ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja. Nikachukua futi kamba: mita 4 kwa 3.5, kimo 2.8. Mzunguko ni mita 15; kuta zote, mita za mraba 42; toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 ukuta ukiwa laini, kwa hiyo mikono miwili haifiki lita 8. Fundi alicheka, lakini alinunua lita 8, na kikabaki kikopo cha kurudishia pale watoto wanapochora.

Milango sikununua. Nilifungua bawaba, nikazisafisha, nikaondoa tabaka za rangi kuukuu. Hapo nawaomba wasomaji wawe waangalifu, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Mlango wa kale usipigwe msasa mkavu. Loweka, kwangua ukiwa mbichi, na watoto wawe mbali. Mapazia nayo nilishona mwenyewe, upana wa kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, na fimbo niliipandisha karibu na dari. Chumba kifupi kikaonekana kimesimama. Taa za mwanga wa buluu nilizitoa, nikaweka zilizoandikwa 2700 K, yaani za mwanga wa manjano, na ile krimu ambayo mchana niliidharau jioni ikawa na joto. Waya za umeme tu sikujaribu kubana. Soketi iliyokuwa inapata joto niliikabidhi kwa fundi umeme mwenye leseni, nikalipa bila kunung'unika. Sawa, nilinung'unika kidogo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapompiga mtu picha ya "sasa", muulizeni maji yalikuwa yanatoka wapi, na picha hiyo mwipige tena baada ya msimu mmoja wa mvua. Hata kama ukurasa utachelewa miezi. Sisi tuliokwisha kununua bodi za jipsamu tutasubiri.

Ukuta wa magharibi bado haujapakwa rangi. Uko na plasta mpya ya chokaa, mweupe, una madoadoa kama shati lililoanikwa likiwa nusu kavu. Jana usiku mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Nailoni niliibandika juzi, na kesho naibandua.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani