Njia za baiskeli zirejeshewe wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayotukabili sisi tunaoendesha baiskeli mwishoni mwa wiki kwa ajili ya mazoezi na burudani tu.

Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilijengwa pamoja na njia za baiskeli, jambo la kupongezwa. Hata hivyo, ukipita huko asubuhi utakuta bodaboda zimeegeshwa zikisubiri abiria, wachuuzi wametandaza mitumba, na penginepo kifuniko cha mtaro kimeng'olewa (kikauzwe kama chuma chakavu, bila shaka), likabaki shimo la kumeza gurudumu zima la mbele. Mwendesha baiskeli hana budi kuingia kwenye lami, ambako matatu humpita kwa upana wa kiganja huku makanga akimfokea atoke njiani.

Ndiyo maana wengi wetu tumekimbilia njia za vumbi. Katika Msitu wa Karura unalipa kiingilio, ukapita chini ya miti bila honi wala moshi. Na katika Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, baiskeli zinaruhusiwa kupita kati ya pundamilia na twiga, ambao kusema kweli wana adabu kuliko madereva wetu.

Lakini si kila mtu anaishi karibu na msitu. Tunaomba mamlaka husika ziwaondoe wanaoegesha pikipiki katika njia hizo, wachuuzi watengewe mahali pao, na mitaro ifunikwe kwa zege, ambalo halina soko kwa wanunuzi wa vyuma.

Mwendesha baiskeli,
Kasarani, Nairobi