Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Wageni wa Ziwa Nakuru Waambiwe Ukweli Kuhusu Flamingo

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni dereva na mwongozaji wa watalii, na shida yangu ni picha moja. Bila shaka unaijua: ufuo mzima wa rangi ya waridi, flamingo wamejazana hadi maji hayaonekani. Bado inabandikwa kwenye kuta za hoteli na matangazo ya safari kana kwamba ilipigwa juzi. Wageni wanalipa kwa sababu ya picha hiyo, na wasipowaona ndege wenyewe, anayeulizwa ni dereva.

Likizo ya Agosti nilibeba familia moja kutoka Kakamega iliyokuwa imenunua safari kwa kampuni fulani. Tuliposimama karibu na maji, nyanya yao akatoa tangazo mkobani, akalinyoosha juu ya goti, akatazama ziwa, kisha akatazama karatasi tena.

"Mwanangu, hawa ndege mmewapeleka wapi?"

"Mama, siku hizi wengi wako Ziwa Bogoria."

"Sasa mbona hatukuambiwa twende Bogoria?"

Wajukuu wakacheka. Mimi nikawasha gari.

Mheshimiwa, jambo lenyewe si siri. Tangu mwaka wa 2010 hivi, Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia humo, lakini hakuna mto unaotoka. Mvua zimezidi, misitu ya Mau imekatwa, na wataalamu wanataja pia kusogea kwa miamba ya Bonde la Ufa iliyo chini yetu. Lango kuu la zamani limemezwa pamoja na barabara tulizokuwa tukipita kando ya ufuo. Migunga iliyokuwa ikitupa kivuli sasa imesimama majini, mikavu, imejaa viota vya minandi. Majirani zetu wa Mwariki walipoteza nyumba, na hao wanastahili barua yao peke yake.

Flamingo hakuondoka kwa hasira. Yule wa aina ndogo, ambaye ndiye aliyekuwa akija kwa mamia ya maelfu, anakula spirulina, mwani mdogo usioonekana kwa macho ambao hustawi kwenye maji makali ya magadi. Anainamisha kichwa hadi mdomo unageuka juu chini, halafu ulimi unasukuma maji huku mdomo ukichuja. Rangi yake yenyewe inatoka kwenye mwani huo. Sasa ziwa limekuwa kama chai iliyoongezwa maji mara tatu: magadi yamepungua nguvu, mwani nao umepungua. Bogoria pia imefurika, lakini magadi yake bado ni makali, kwa hiyo meza huko haijaondolewa.

Isitoshe, ndege huyu hajawahi kuwa mkazi wa kudumu hapa. Anazalia Ziwa Natron, Tanzania, na huhama usiku kutoka ziwa moja hadi jingine akifuata chakula. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa letu lilikauka karibu lote, akaondoka vilevile. Leo makundi huja, yakakaa, yakaenda. Kumwahidi mgeni kwamba atamkuta Nakuru tarehe fulani ni kuuza kitu usichokimiliki.

Najua hofu iliyopo: tukisema ukweli, watu hawatakuja. Mimi nakataa. Wageni wanaokuja na darubini na orodha ya ndege hawanisumbui kabisa, kwa sababu wamesoma kabla ya kufunga safari. Wanaoumia ni familia za hapa nyumbani, ambazo zimejichanga mwaka mzima na hazikupewa chochote cha kusoma isipokuwa ile picha. Na kuna mengi ya kuwaonyesha. Mbuga hii ilianza mwaka wa 1961 kama hifadhi ya ndege, na mwaka wa 1990 ziwa likawa ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha ya Ramsar, yaani ile ya ardhioevu muhimu duniani. Aina za ndege zilizowahi kuonekana humu zinapita 400. Mwari wapo kwa sababu samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi walipandikizwa hapa katikati ya karne iliyopita ili wale viluwiluwi vya mbu. Ziwa lilikuwa halina samaki kabla ya hapo! Hadithi kama hiyo naisimulia dakika kumi na watoto hawabanduki dirishani. Furukombe akishuka na kunyakua samaki mbele ya gari, hakuna anayekumbuka waridi. Vifaru sitavitaja, vinajiuza vyenyewe.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Wageni wanalipia kiingilio mtandaoni. Basi kabla hawajalipa, waone maelezo mafupi yanayobadilishwa kila wiki: maji yamefika wapi, barabara zipi zimefungwa, ndege gani wameonekana. Askari wa mbuga na sisi madereva tunayajua hayo kila asubuhi, tunaambiana kwa simu. Maelezo hayohayo yabandikwe kwenye lango la Lanet na mengine. Tena kila tangazo linalotumia picha ya flamingo liandike mwaka ilipopigwa. Mwenye kampuni asiyetaka kuandika mwaka, aulizwe sababu.

Ukipata fungu kidogo, tujengewe kibanda cha kutazamia ndege, kiinuliwe juu ya pale maji yanapofika sasa. Kwa sasa karibu kila kitu kinatazamwa kupitia paa la gari, na wazee hawawezi kusimama muda wote huo.

Ila lile la matangazo ndilo la haraka, Mheshimiwa. Wageni wa Desemba wanaanza kulipia Oktoba, na karatasi zao ziko kwa mchapishaji sasa hivi.

Wako mtiifu,
Dereva na mwongozaji wa watalii,
Nakuru