Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Picha za Maharusi Usiku Katikati ya Fataki

Ndugu wanachama, wapiga picha wenzangu wa Unguja,

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote mliofika.

Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba ruhusa yenu nitumie taarifa hii kwa jambo moja, kwa sababu ndilo lililotuletea kazi nyingi mwaka huu na ndilo lililotuletea malalamiko: picha ya maharusi wanapoaga sherehe usiku, wakipita katikati ya mistari miwili ya wageni walioshika fataki za mkononi, yaani vijiti vya waya vinavyorusha cheche.

Desturi hii imeshika zaidi Marekani, na kwetu imeingia kupitia wageni wanaofanyia harusi zao katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Sasa hata maharusi wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi kuja kusherehekea hapa wanaiomba. Wengi wao huja na picha waliyoiona katika simu, nao huamini kwamba cheche zenyewe ndizo zilizoimulika ile picha. Baadhi yetu, nami nikiwamo, tulianza kazi hii tukiamini hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba cheche humulika mkono ulioshika kijiti na uso wa mwenye mkono huo, na zikiwafikia maharusi hufika kutoka ubavuni, zikiwa hafifu na zenye kuchezacheza. Tukiziachia cheche kazi yote, bibi harusi hutoka na shavu moja lenye nuru na macho yaliyozama gizani. Isitoshe, jua la Zanzibar halina subira. Huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo mwaka mzima, na nusu saa baadaye usiku umekamilika. Mpangaji wa harusi aliyezoea jioni ndefu za Ulaya huandika katika ratiba kwamba maharusi watatoka "jioni", lakini chakula kikichelewa kidogo tu tunajikuta tunapiga picha gizani kabisa. Kwa hiyo taa ni sehemu ya kazi tangu siku ya makubaliano, wala si kifaa cha akiba.

Katika mafunzo yetu ya vitendo tulijaribu njia kadhaa, na ile iliyotupa matokeo mazuri mara nyingi ni ya flashi mbili zilizo nje ya kamera. Ya kwanza hubebwa na msaidizi juu ya fimbo ndefu, akitembea kinyumenyume pamoja na mpiga picha. Sababu ya kutembea ni hii: nuru ya flashi haipungui kidogo kidogo kadiri mtu anavyosogea mbali, bali umbali ukiongezeka mara mbili, kutoka mita 2 hadi 4, inabaki robo yake tu. Taa iliyosimamishwa mahali pamoja huwachoma maharusi kwa weupe wanapokuwa karibu nayo na huwaacha gizani hatua chache baadaye, ilhali msaidizi anayehifadhi umbali ule ule huwapa nuru moja safari nzima. Flashi ya pili huwekwa kwenye stendi nyuma yao, mwisho wa njia, ikielekezwa mgongoni mwao, ili ichore ukingo wa shela na mabega na kuung'arisha moshi.

Moshi huo ndio uliowashinda wengi. Flashi iliyo juu ya kamera huupiga usoni, nao hurudisha weupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Tulichojifunza ni kuuliza upepo kwanza. Msimu wa kusi, katika pwani ya mashariki, upepo hutoka baharini. Mpiga picha akiupa mgongo na maharusi wakitembea wakiuelekea, moshi hurudi nyuma yao, na pale ndipo tunapoutaka.

Kuhusu kamera, wengi wetu tumetulia kwenye ISO 1600 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea nuru), tundu la lenzi f/2.8 na kasi ya 1/100 ya sekunde au chini yake kidogo. Kasi ya kamera ndiyo inayoamua urefu wa mistari ya cheche, na flashi ndiyo inayowagandisha watu, kwa kuwa kwa 1/8 ya nguvu yake yote mwako wake ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde. Nguvu hiyo ndogo pia huipa betri nafasi ya kujaza upya kabla ya hatua inayofuata. Flashi ifunikwe kwa jeli, yaani karatasi ya plastiki inayopitisha nuru, ya rangi ya chungwa. Bila hiyo cheche huwa za dhahabu na nyuso huwa za samawati, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayoyapatanisha hayo mawili vizuri. Na tafadhali zungumzeni na mpiga video mapema, kwani taa yake ya kuwaka mfululizo ikiwashwa ghafla huvuruga kila kitu mlichopima.

Naijia sasa sehemu iliyo nzito kwangu. Mwezi Agosti, katika hoteli moja ya pwani, cheche iliangukia shela ya bibi harusi niliyekuwa nikimpiga picha. Hakuna aliyeona. Aliponionyesha baadaye, lilikuwa tundu dogo kama punje ya mtama, kingo zake zimeyeyuka na kuwa ngumu, zinakwaruza kidole. Shela ile ilikuwa ya mama yake. Njia niliyowapangia ilikuwa nyembamba mno, na hilo lilikuwa jukumu langu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wageni wasogee karibu ili picha ijae.

Katika harusi nyingine, mgeni aliyevua viatu ili atembee mchangani alikanyaga waya wa fataki iliyokwisha kuzimika. Joto la fataki inapowaka hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na waya wake hubaki na moto wa kuunguza baada ya cheche kuisha, bila dalili yoyote ya kuonekana usiku. Fikirini pia paa za makuti tunazofanya kazi chini yake karibu kila wiki, jinsi zinavyokauka, na jinsi cheche inavyobebwa na upepo.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwenu, ili mjadili na kupiga kura leo, kwamba mwanachama asikubali kupiga picha hii chini ya makuti wala karibu nayo pale upepo unapovuma kuyaelekea. Kwamba njia ya maharusi isipungue mita 2.5, na wageni wainue mikono juu na kuielekeza nje. Na kwamba ndoo za mchanga au maji ziwekwe pande zote mbili, mshereheshaji akiwatangazia wageni kuzitumia kabla ya kiberiti cha kwanza. Watoto wapewe maua ya kurusha. Fataki ziwe za sentimita 50, zinazowaka kwa dakika moja na nusu hivi, kwa kuwa zile fupi za sentimita 25 huzimika mwanzo wa mstari kabla hazijawashwa mwishoni. Maharusi waelezwe mapema kwamba ndege za abiria haziruhusu fataki katika mizigo, ili wasizinunue nyumbani kwao na kunyang'anywa uwanjani.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba masharti haya yatatukosesha kazi, kwa kuwa mteja akikataliwa hapa atampata mwingine. Nimewasikiliza kwa heshima, na najua mwezi usio na harusi unavyokuwa. Hata hivyo siwezi kuwaomba radhi wazazi wa mtu kwa ajili ya picha, na sitaki yeyote kati yenu afikishwe hapo.

Kamati imenunua stendi mbili nzito, mifuko ya mchanga ya kuzishikilia upepo unapovuma, na fimbo moja ya kubebea flashi. Vifaa vipo kwa katibu, na mwanachama yeyote mwenye harusi ya usiku ataazimwa bila malipo akiviandikisha siku tatu kabla.