Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: hao "wananchi" wanaozima moto tuna majina

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo.

Najua mezani kwako mafaili ni mengi na wengi wanaokuandikia huku Tanga vijijini wanaomba barabara, mimi leo barabara siombi (ingawa ile yetu unaijua, uliwahi kukwama). Naandika kwa sababu ya sentensi moja tu. Mwezi wa tatu kwenye kikao cha kata ilisomwa taarifa ya ule moto wa Februari ikaishia hivi, "moto ulidhibitiwa kwa ushirikiano wa wananchi." Watu wakapiga makofi, tukahamia ajenda ya vyoo vya shule. Mimi nilikuwa benchi la nyuma kabisa nikawa najiuliza wananchi gani hao, maana mmoja wao saa hiyo yuko kwake mguu umefungwa bandeji mpaka gotini, hata chooni anaenda kwa kushikwa.

Sasa ngoja nikwambie sisi ni kina nani. Tuko 14, wanaume 9 wanawake 5, wote wakulima wa mahindi na mihogo na michungwa miwili mitatu, wengine wanashika kibarua cha kukata mkonge, mmoja fundi baiskeli, mmoja bodaboda. Hakuna aliyetuteua. Ilianza tu kwamba kila moto ukitokea wanaokimbilia ni walewale, tukaona bora tupange zamu. Kuna rimu la lori limening'inia kwenye mwembe wa shule, likigongwa taratibu ni mkutano au msiba, likigongwa mfululizo bila kupumua ni moto, hapo unaacha jembe lilipo unakimbia. Mke wangu anasema nikisikia hilo rimu nakimbia kuliko ninavyokimbilia chakula. Sawa.

Kazi yenyewe ina msimu. Januari na Februari jua linachoma, kaskazi inavuma, na huo ndo wakati kila mtu anasafisha shamba awahi masika. Anakusanya magugu, anawasha, anakaa kivulini kuangalia, upepo unageuka, kwisha habari. Ruhusa ya kuchoma inatakiwa ichukuliwe kwa mtendaji, kila mtu anajua, na wanaokwenda kuichukua unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wengine ni warina asali, wengine wafugaji wanataka majani mapya yaote, simlaumu mtu hapa. Kibaya ni yale mashamba ya mkonge ya zamani yaliyoachwa. Mkonge wenyewe ukiwa mbichi hauwaki kirahisi, jani lake ni maji matupu, ila yale majani makavu yaliyolala chini pamoja na nyasi iliyoota katikati ya mistari ni sawa na petroli, moto ukiingia mle unatembea kama umetumwa.

Vifaa vyetu ni mapanga, majembe, matawi mabichi ya mwarobaini na mabomba ya kupulizia dawa, yale ya mgongoni ya lita 16, tunayaosha kwanza tunajaza maji. Siku moja mtu hakuosha, alipulizia moto dawa ya viwavi, tulikohoa wiki nzima. Na tawi halipigwi juu juu kama watoto wanavyofanya, ukilinyanyua sana unarusha cheche nyuma yako, unalikandamiza unaliburuta kuelekea palipoungua. Huwezi kusimama mbele ya moto, unaushika ubavuni unaubana taratibu huku wengine mbele huko wanakwangua njia mpaka udongo mtupu. Kina mama ndo gari letu la maji, ndoo kichwani toka kisimani, na wakifika hawapumziki. Jezi za mpira tumezipiga marufuku maana lile nailoni likipata moto linayeyuka linagandia mwilini, na nadhani ndo jambo pekee ambalo Simba na Yanga wamewahi kukubaliana hapa kijijini.

Ule wa Februari ulianza kama saa nane mchana. Tulipiga 114, namba ya zimamoto, dada aliyepokea alikuwa na adabu sana, akauliza mko karibu na nini, mwenzetu akamjibu karibu na mwembe mkubwa. Tulicheka baadae, siku hiyo hatukucheka. Gari lilitoka kweli likaja mpaka kwenye daraja la magogo likasimama, na dereva alikuwa na haki, gari limebeba maji maelfu ya lita lile daraja lisingelihimili. Wale vijana wakashuka wakatembea kwa miguu wakaja kutusaidia na matawi kama sisi. Nawaheshimu mpaka leo. Ndo maana sikuombi gari la zimamoto mheshimiwa, hata ukitupa halifiki. Mara pekee nililoliona limefika karibu na huku ni siku ya Mwenge, lilikuwa kwenye msafara. Simaanishi vibaya, nilifurahi tu kuona kuna moto unaosindikizwa.

Magharibi tukawa tumeuzima. Yaani tuliamini tumeuzima. Watu wengi hawajui kwamba moto wa pori ukishaisha ndo kazi inaanza, kisiki kinaweza kuungua chini kwa chini siku tatu, juu unaona majivu tu yametulia meupe, chini mizizi ni makaa. Kwa hiyo tunalala hukohuko kwa zamu kulinda. Usiku wa pili fundi baiskeli alikuwa anazunguka na tochi, akakanyaga majivu, mguu ukazama. Shimo la kisiki. Alikuwa amevaa ndala. Ile plastiki ya ndala iliyeyukia kwenye unyayo wake na sisi tuliomvuta tulijua kabisa kwamba haitakiwi kubanduliwa pale, tulifundishwa siku ile moja walipokuja wataalamu, tukammwagia maji ya kisimani mfululizo mpaka bodaboda ikaja. Sitasahau harufu ile. Na kelele hakupiga, alikuwa anasema tu "jamani nishikeni, jamani nishikeni."

Hospitali wakajaza fomu. Kazi yake, mkulima. Sababu ya ajali, ameungua shambani. Hakuna uongo hapo lakini hakuna ukweli pia. Akalipa mwenyewe, kaka yake akauza mbuzi wawili. Mimi nikaenda kuulizia kama kuna utaratibu wowote wa kumsaidia, ofisi ya kwanza ikaniambia zimamoto si ya kwao tena. Ni kweli, zamani ilikuwa chini ya halmashauri na manispaa mpaka sheria ya 2007 ikafanya jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nikaenda ofisi ya pili, wakaniambia huyo si askari wetu. Nayo kweli. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nao unataka uwe na mwajiri, sasa fundi baiskeli aliyekanyaga kisiki saa nane usiku akilinda mahindi ya watu wengine mwajiri wake nani? Kila niliyemuuliza alinijibu sawasawa na nikarudi mikono mitupu.

Mgambo wakimaliza mafunzo unakuja mwenyewe unakagua gwaride, wanapewa vyeti, wana kumbukumbu zao. Kijana wangu alinionyesha kwenye simu kwamba Uingereza huko vijijini kuna wakulima kama sisi ambao ni zimamoto wa muda, anatembea na kidude mfukoni kikilia anaacha trekta anakimbilia kituoni, analipwa posho ya mwaka na malipo kila anapoitwa. Chile wao zimamoto wote ni wa kujitolea, mpaka wa mijini. Mimi posho siidai, tusifike huko, wenzangu wengine hawatapenda nilivyosema hivi ila ndo msimamo wangu, ukianza kulipa kila moto kuna mjinga atawasha.

Ninachotaka tuandikwe. Kuwe na daftari linalotambulika, lenye muhuri wako, kwamba hawa 14 ni zimamoto wa kijiji, ili mmoja akiungua pale kwenye fomu iandikwe alikuwa anazima moto na kuwe na mtu wa kupigiwa simu. Halafu bima, ile CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu 6, sisi tuko 14 lakini wawili ni mke na mume kwa hiyo kaya ni 13, kwa bei hiyo jumla ilikuwa laki 3 na elfu 90 kwa mwaka. Mafuta ya msafara mmoja hayo mheshimiwa. Na buti za ngozi, tafadhali sio gambuti za mpira, zile nazo zinayeyuka. Ukipata na jozi 7 tu tutapokezana, atakayekuwa zamu ya usiku ndo anavaa.

Daftari lenyewe usihangaike kununua. Nimeshanunua kaunta buku kwaya mbili, majina yote yamo, namba 1 ni fundi baiskeli ingawa saivi anatembelea fimbo, amesema asitolewe. Ukurasa wa kwanza nimeuacha mweupe kwa ajili ya muhuri. Liko kwa mtendaji, kabati la kushoto, juu ya mafaili ya mbolea.

Ni mimi,
namba 9